Afande Aliyekuja na Kadi

Mume wangu Apollo Ojwang alifundisha jiografia miaka mingi kule Kisumu, na tangu astaafu hana wa kumfundisha ila mimi. Basi tulipoanza kujiandaa kwenda Uganda kumposea kijana wetu Trevor, nilifundishwa. Nilifundishwa kwamba msafiri wa kisasa habebi pesa taslimu. Wale wanaobadilisha pesa mpakani Malaba ni wezi, wanaume kwa wanawake, na pesa za simu ni za wauza mboga. Mimi nauza mboga. Dunia nzima, alisema, inatumia kadi: unafika mji wa watu, unaiona mashine ya ATM ukutani, unaingiza kadi, unaficha namba ya siri kwa mkono wa kushoto, na mashine inakupa pesa za nchi hiyo kwa adabu. Alikuwa ameyasoma kwenye simu. Alinionyesha hata picha ya mzungu akifanya hivyo huku anacheka peke yake.

Nilimuuliza kama amewaarifu watu wa benki yake kwamba anavuka mpaka. Akanitazama kwa huruma, akaendelea kukunja soksi.

Trevor ni fundi katika kiwanda cha sukari upande wa Jinja, na amepanga chumba Bugembe, kando ya barabara kuu. Huko ndiko alikompata Nafuna, msichana wa Mbale anayeuza dawa kwenye duka moja mjini. Mpango ulikuwa rahisi. Tulale kwa Trevor, tutoe pesa Jinja, halafu twende sote Mbale kwa wazazi wa Nafuna kwenye sherehe ya utambulisho, ambapo ndugu za mvulana hujieleza mbele ya ukoo wa msichana na mahari hujadiliwa. Trevor alitutahadharisha kwamba sherehe hiyo inakula pesa mkononi kuanzia getini. Kuna ya getini, kuna bahasha ya shangazi, kuna ya waimbaji, na mgeni akichelewa anatozwa faini. Hakuna hata mmoja kati yao, alisema, anayepokea kadi.

Pale Jinja mjini, mashine ya kwanza iliitema kadi ya Apollo kabla hajaficha chochote. Ya pili ilikaa nayo, ikafikiri, ikamrudishia. Kwenye ya tatu walitutangulia vijana wa kizungu wenye kaptura mbichi, wametoka kuchezea maporomoko ya mto, na mashine ikawamwagia noti kama inawajua tangu wakiwa wachanga. Akaingia Apollo. Akainama, akakunja mkono wa kushoto juu ya vibonyezo kama kuku anayekinga vifaranga, akabonyeza. Mashine ikamwomba radhi kwa Kiingereza.

Alilaumu mashine, akailaumu Uganda, akanilaumu mimi. Mwishowe akapiga simu benki yake. Akapigiwa muziki mpaka salio likaisha, akaongeza salio, akapigiwa muziki tena. Binti aliyempokea hatimaye alimweleza kwa heshima zote kwamba kadi yake haijafunguliwa kutumika nje ya Kenya, na kwamba ilimpasa aseme kabla ya kusafiri. Wangemfungulia, asubiri mpaka kesho. Mimi nilinyamaza kabisa. Hilo nalo likawa kosa, kwa sababu aliniuliza ninanyamazia nini.

Kesho yake, Ijumaa, tukawa Mbale, mlima Wanale umesimama nyuma ya mji na sisi hatuna shilingi ya nchi hiyo isipokuwa za Trevor. Utambulisho ulikuwa Jumamosi. Trevor akaenda stendi kumchukua msemaji wetu, kijana mmoja mwenye maneno mengi aitwaye Ronnie, tuliyemkodi Bugembe, kwa maana huko baba wa mvulana hajisemei mwenyewe. Mimi na mume wangu tukaenda kutafuta mashine.

Ilikuwa mwisho wa mwezi na mishahara ya serikali imetoka. Laini ilianzia kwenye mashine, ikapita duka la viatu, ikakata kona. Wanajeshi, polisi, askari jela, walimu wa shule za msingi, wazee wa pensheni, wote wamesimama juani. Netiweki ilikuwa inakuja na kwenda, kwa hiyo mashine ikimhudumia mmoja inapumzika kwanza. Watu walikuwa pale tangu asubuhi na hakuna aliyekuwa akinung'unika.

Sasa niwaeleze jinsi Apollo alivyokuwa amevaa. Alivaa suti yake ya kaki ya mikono mifupi, yenye mifuko minne na vifungo vya shaba, aliyoshonewa siku ya kustaafu. Kichwa kimenyolewa, buti zinang'aa. Akaitazama ile laini kama alivyokuwa akitazama paredi ya shule Jumatatu, akaenda mbele, akauliza kwa sauti ya darasani:

"Nani msimamizi wa laini hii, na kwa nini haisongi?"

Kwetu Kisumu swali hilo lingejibiwa kwa matusi. Pale Mbale niliona migongo inanyooka. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo Trevor aliwahi kutuambia: kwa wazee wa Uganda, Kiswahili si lugha ya sokoni wala ya redioni. Ni lugha waliyoisikia wakati wa utawala wa wanajeshi, usiku, mlangoni. Vijana wanakichezea tu siku hizi, lakini mtu mzima akikisema kwa sauti kubwa bila kujikwaa, tena amevaa kaki, haulizwi kitambulisho.

Sajini mmoja aliyekuwa katikati ya laini akapiga saluti. Simlaumu. Ukimpigia raia saluti kwa makosa, hakuna anayekufunga. Ukimnyima afande, utalala ndani. Askari polisi aliyelinda mashine, mwanamke mrefu wa kaskazini mwenye kibandiko cha jina Aber kifuani, akafunga vifungo vyake haraka haraka.

"Afande, wewe napita mbele tu," akasema. "Hawa nangoja."

Mtu mwingine angesema, dada, mimi si afande, mimi nilikuwa nafundisha watoto kuchora mito. Apollo aliijibu ile saluti. Mkono wake ulipanda, ukagusa paji la uso, ukashuka, na mimi niliyeishi naye maisha yangu yote sikuwahi kujua kwamba anaweza. Kisha akapita mbele ya watu wote wale.

Mzee mmoja alikuwa ameshafika kwenye mashine, kadi mkononi. Akajisogeza kando bila kuambiwa. Alikuwa na masharubu meupe pee na nywele nyeusi tii, na uso huo nilikuwa nimeuona juzi tu kwenye simu ya Trevor. Alikuwa Masinde, baba yake Nafuna. Bila shaka naye alikuwa amekuja kutoa pesa za kutupokea sisi.

Kwa desturi zetu na zao, wakwe hawakutani njiani kabla ya siku yao. Nikageuka nikatazama viatu dukani. Nilipaswa kufanya jambo, najua, lakini ningemwambia nini? Shikamoo mkwe, huyu anayekupora nafasi ndiye atakayekuomba binti kesho?

Safari hii mashine ilikubali. Ilimuuliza Apollo kama anataka akatwe kwa shilingi za Kenya au za Uganda, naye akakataa za Kenya kwa sauti, kwa sababu alikuwa ameisoma hiyo pia. Ikamtolea kiasi kidogo, ikakata ada. Akarudia. Ikakata tena. Aliendelea kurudia huku akificha namba ya siri kwa mkono wa kushoto, ingawa laini nzima ilikuwa imeangalia pembeni kwa heshima. Mwishowe mashine ikatoa sauti ya kukwaruza na kuandika kwamba haina pesa. Apollo akazigawa noti katika mifuko yake minne, akageuka.

Masinde alikuwa bado amesimama pale pale na kadi yake.

"Hakuna tabu, afande," akasema. "Sisi tumezoea."

Apollo akamgusa bega kama wanavyofanya wakubwa, tukaondoka.

Jioni ile, kwenye nyumba ya wageni, nilisubiri amalize chai ndipo nikamwambia yule alikuwa nani. Nakiri kwamba aliona haya. Aliona haya kwa muda wa kikombe kimoja. Alipomimina cha pili, akawa ameshapata hoja.

"Sikumdanganya mtu, Mama Trevor," akasema. "Niliuliza swali tu."

Nikamwambia basi kesho, kabla ya yote, Ronnie aseme kwamba lile lilikuwa kosa. Akanyanyua kidole. Kosa la nani? Na kwa faida ya nani? Mzazi anayejua binti yake anakwenda kwa mtu mkubwa analala vizuri. Isitoshe mahari ya Wagisu, kabila la kina Nafuna, ina maneno mengi, na maneno hupungua mbele ya afande. Trevor, aliyekuwa ameketi mlangoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba hilo si jambo zuri. Baba yake akamuuliza nani alimsomesha. Sikio la kufa halisikii dawa, nikaenda kulala.

Jumamosi nilivishwa gomesi ya kuazima, lile vazi la sherehe la wanawake wa Uganda, mabega yamechongoka kama nyumba ndogo, na mkanda umenibana hata kuketi ni kazi. Wanaume wote wa upande wetu walivaa kanzu na koti. Apollo alivaa kaki.

Tulichelewa. Kwa kuchelewa kule tulistahili faini, na vijana wa Masinde walikuwa wamefunga utepe mwekundu getini, wamekaa tayari kututesa. Ronnie alikuwa ameandaa utani wake wote. Lakini Masinde alipotoka akamwona nani anashuka kwenye gari, alisimama kidogo, kisha akawanong'oneza vijana. Utepe ukafunguliwa. Tukaingia bila kuulizwa hata majina yetu.

Apollo akanikonyeza. Mimi nilikuwa natazama uwanja. Palikuwa na tenti moja, na mahali pa tenti ya pili palikuwa pamefyekwa pakabaki wazi. Jamaa zao wengine walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Hapakuwa na soda; walitupatia maji kwenye vikombe vya nyumbani vya kila rangi. Nilijua pesa za soda ziko wapi. Zilikuwa katika ile mifuko minne.

Ronnie alianza vizuri. Alisema tumetoka mbali, tumeona ua katika boma hili, na kadhalika. Kwa kawaida msemaji wa upande wa pili hapo hubisha: hatuwajui, ua gani, nani aliwaambia. Huo ndio utamu wenyewe, watu wanacheka, wanatozana. Safari hii msemaji wao, mjomba mmoja mnene ambaye kwa uso tu ulijua ni mchekeshaji, alisimama akatazama chini.

"Sisi tunakubali," akasema, akaketi.

Wakafika kwenye mahari. Ronnie akataja ng'ombe wawili, na hiyo ilikuwa ya kuanzia tu, ya kukataliwa. Mjomba akamtazama Masinde, Masinde akatikisa kichwa kwamba sawa. Mbuzi? Wowote ambao afande ataleta. Kanzu ya babu? Si lazima. Ronnie alibaki ameshika kipaza sauti, utani wake wote haujapata kazi. Apollo alikuwa ameketi mbele, miguu ameipanua, amefurahi kama mtu aliyepata kila kitu kwa bei ya kutupa. Chakula kikaja, ndizi na malewa ya karanga, machipukizi ya mianzi yale ambayo Wagisu wanajivunia kuliko nyama. Masinde hakula. Alisema amefunga, na siku ile haikuwa ya mfungo wa mtu yeyote.

Nilikuwa bado sijameza tonge la pili nilipovutwa mkono. Alikuwa Gorreti, dada yake Masinde, yule shangazi wa bahasha. Aliniingiza ndani ya nyumba, chumba cha nyuma, ambako Nafuna alikuwa ameketi kwenye mkeka, amepambwa tayari, hajalia wala hajacheka. Wenzake walikuwa wamesimama naye na hakuna aliyeimba.

Gorreti alinieleza bila kuzungukazunguka. Kaka yake alipokuwa mtoto, wanajeshi walikuja hapa hapa, wakaongea Kiswahili kizuri, wakachukua ng'ombe wote wa baba yao, na baba yao akasema asante. Masinde alikuwa amesimama anaangalia. Jana aliporudi kutoka mjini mikono mitupu alisema tu kwamba afande amemaliza pesa kwenye mashine. Leo alipomwona afande huyo huyo getini, aliwaambia watu wake maneno machache: akitaka anachukua, mpeni.

Nafuna akainua macho. Huwa ananiita Mama tangu siku ya kwanza kwenye simu, kwa upole, kwa sauti ya dukani.

"Mama, mimi sitoki," akasema. "Baba hajanitoa. Baba amenyang'anywa."

Niliumia. Nilimpenda mtoto yule, na nilijua akibaki kwenye mkeka ule Trevor wangu amemkosa, na akitoka kwa namna ile atakuwa hana kwao tena. Nikarudi uwanjani mbio, mbio za gomesi, nikamwinamia Apollo sikioni nikamwambia yote. Nikamwambia simama sasa hivi useme wewe ni nani.

Akanong'ona kwamba tutasema baadaye, mambo yakishakwisha, asiharibu shughuli ya watu.

Mama wa mvulana hasemi kwenye utambulisho. Kazi yake ni kutabasamu na kupokea zawadi. Nilimnyang'anya Ronnie kipaza sauti, na sikupiga magoti kama wanawake wa huko.

"Huyu si afande," nikasema. "Ni mwalimu wa jiografia. Hajawahi kushika bunduki, hata panya wa nyumbani kwetu namuua mimi. Jana alimchukulia mkwe wake nafasi kwenye mashine, na pesa zenu za soda anazo hapo kwenye mifuko."

Nikamrudishia Ronnie kipaza sauti, nikaketi. Trevor alikuwa ameinamisha kichwa. Masinde alisimama taratibu kutoka kwenye kiti chake, akaja mpaka mbele ya Apollo. Hakumgeukia msemaji wake. Aliongea mwenyewe, tena Kiswahili, ambacho watoto wake walikuwa hawajawahi kumsikia akikisema nyumbani.

"Ni kweli?"

Apollo akasimama. Bila ile sauti ya darasani alionekana mfupi, na kaki ilimpwaya mabegani.

"Ni kweli. Mimi ni mwalimu. Nimestaafu."

"Sasa kwa nini mi nakupa njia?"

Namjua mume wangu. Alikuwa na majibu kumi. Angeweza kusema hakusema neno, kwamba Aber ndiye aliyemwita mbele, kwamba alikuwa na haraka. Nilimwona akiyatafuta.

"Uliogopa," akasema. "Na mimi nikapenda."

Nilidhani Masinde atamzaba kofi, na sikuwa na nia ya kumzuia. Badala yake akageuka, akawaita vijana wa getini, akasema nao Kigisu kwa haraka, nao wakaanza kukimbia. Gorreti akanitafsiria, mkono mdomoni. Tulikuwa tunaambiwa tutoke nje. Sote, na mikeka yetu na mbuzi wetu na sukari yetu. Sherehe, kwa kauli ya Masinde, ilikuwa bado haijaanza.

Tulitoka. Utepe ukafungwa upya. Tukasimama barabarani juani, majirani wanatuchungulia juu ya ua, na vijana wakatuuliza sisi ni akina nani, tumetoka wapi, na kwa nini tumechelewa hivi. Wakatutoza faini ya kuchelewa. Wakatutoza ya Kenya kuwa mbali. Wakamtoza Apollo peke yake ya kuvaa vibaya, mpaka akavua lile koti la kaki na kuvaa kanzu ya dereva. Mfuko wa kwanza ulikwisha pale pale getini, na mtoto mmoja akatumwa dukani, akarudi na makreti ya soda juu ya bodaboda.

Ndani, mjomba mnene alikuwa amezaliwa upya. Hakutujua. Hakuwahi kusikia mji unaoitwa Kisumu. Ua gani? Hapa kuna migomba tu. Ronnie akamjibu, watu wakaanza kucheka, na waliokuwa kwenye nyasi wakasogea karibu. Ilipofika mahari, Ronnie akasema ng'ombe wawili na wazee wote wakacheka kwa pamoja. Mjomba akasema hao ni wa salamu. Akataja sita, na mbuzi, na kanzu ya babu aliyekufa zamani, na blanketi la bibi aliye hai na anayesikia vizuri.

Apollo hakuweza kuvumilia. Alisahau kwamba ana msemaji, akaruka juu, akasema sita ni wizi, kwamba kwa pensheni ya mwalimu hata kuku sita ni shida, kwamba hata wale wezi wa Malaba wana huruma kuliko ukoo huu.

Masinde naye akaruka juu. Masharubu yalikuwa yanacheza. Alipaza sauti mpaka mbuzi wakageuka, sauti ambayo nadhani hakuwa ameitoa mbele ya Kiswahili maisha yake yote.

"Kaa chini, mwalimu!"

Apollo akakaa.

Ndani ya nyumba wanawake wakapiga vigelegele, na Nafuna akatoka.